Andiko linataka chuo mshirika: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha utafiti hapa Marekani, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Naandaa andiko la kuomba ruzuku kwa NSF, lile shirika la taifa la sayansi, kuhusu programu za kutambua sauti kwa lugha na lahaja zenye data chache. Mkuu wangu wa idara anasema andiko litapata nguvu nikiweka mshirika kutoka chuo kinachohudumia jamii za wachache. Kuna chuo cha Weusi kiko mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwangu, lakini simjui mtu pale. Siku ya mwisho ni wiki saba kutoka leo. Nimwandikie nani, na nimwambie nini, ili wasione nawatumia? Dada wa Mwanza, ughaibuni.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na neno lako la mwisho. Wataona unawatumia, kwa sababu ndani ya wiki saba, bila kumjua mtu, hakuna kingine utakachoweza kufanya. Andiko hilo lipeleke peke yako. Ushirika anza kuutafuta sasa hivi, lakini kwa ajili ya andiko la mwakani au la baada ya hapo.

Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kuwa mwombaji, kisha nikawa mwombwa. Nilipokuwa mgeni kazini kama wewe, kwenye chuo kikubwa, nilimwandikia mwalimu mmoja wa chuo kidogo cha Weusi zikiwa zimebaki siku kumi. Nikaomba barua ya kuunga mkono, na nikamwandikia mfano wake ili asihangaike. Barua ikarudi imesainiwa, maneno yote yangu. Ruzuku tukapata. Baada ya hapo mwaka mzima hakuwa akijibu barua pepe zangu, nami nikawalalamikia wenzangu kwamba bwana yule hajali. Miaka sita baadaye nikahamia kufundisha katika chuo cha namna ileile, na mwaka wangu wa kwanza nikapokea barua kumi na moja zilizofanana na ile yangu. Kumi na moja, kutoka kwa watu ambao hata mmoja hajawahi kukanyaga kwetu. Nilisaini tatu, na za waliobaki sikuzijibu. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

Jambo la pili, hilo jina la jumla la "chuo cha wachache" lisikuchanganye, kwa maana limefunika vyuo visivyofanana hata kidogo. Vyuo vya kihistoria vya Weusi, ambavyo Wamarekani huviita kwa kifupi HBCU, vimeelezwa na sheria ya elimu ya juu ya 1965: ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Viko kama mia moja, na kikongwe chao, Cheyney cha Pennsylvania, ni cha mwaka 1837. Vyuo vya makabila ni vya mataifa ya wenyeji asilia wenyewe. Vilianza na chuo cha Wanavajo mwaka 1968, kile kinachoitwa leo Diné College, na havifiki arobaini. Vyuo vya Walatino ni habari nyingine kabisa, maana vingi havikuasisiwa kwa ajili yao. Chuo huingia kundini pale Walatino wanapofikia asilimia 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ndiyo maana humo utakikuta chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na pia Florida International cha Miami, na vyote viwili viko daraja la juu kabisa la utafiti, lile la R1. Howard nacho, chuo cha Weusi cha Washington, kilitangazwa kuwa R1 mwaka 2025. Ukienda El Paso ukidhani unakwenda kusaidia utachekwa, maana huenda wao ndio watakusaidia wewe. Kwa hiyo kwanza soma habari za hicho chuo chako cha mwendo wa saa mbili: kina walimu wangapi wa kompyuta, kina shahada ya uzamili au kinaishia ya kwanza, na nani kati yao amechapisha nini. Mkuu wako wa idara aliposema "chuo cha wachache" alikuwa anasoma mwongozo wa ruzuku. Wewe tafuta mtu.

Sasa nikifikiria hicho chuo kuwa kidogo, chenye kazi kubwa ya kufundisha, nikuambie kitu ambacho hakipo pale. Watu kama wewe huwa wanadhani kinachokosekana ni mashine, au uzoefu, au (hili hawalisemi kwa sauti) uwezo. Kinachokosekana ni saa.

Wewe unafundisha kozi moja, labda mbili kwa muhula. Mwenzako wa pale anafundisha nne. Kozi nne za saa tatu kila moja ni saa kumi na mbili darasani kwa wiki, na hapo hajatayarisha somo, hajasahihisha, na hana wanafunzi wa uzamivu wa kumshikia maabara. Ongeza wanafunzi thelathini au hamsini wanaomtegemea kwa ushauri, ongeza kamati, maana idara yenye walimu wanne ina kamati zilezile za idara yenye walimu arobaini. Likizo ya kiangazi ambayo wewe unaihesabu kuwa ya utafiti, yeye huenda anafundisha tena, kwa sababu mshahara wa miezi tisa hautoshi. Mtu huyo ukimwandikia, "Tungependa sana uwe sehemu ya mradi," umemwongezea kazi ya tano na kumwita mheshimiwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza katika bajeti ni saa zake. Njia inayojulikana ni kulipia kozi ili aondolewe. Lakini hapa wengi huanguka: wanaweka fedha ya kozi moja kwenye bajeti, ruzuku inakuja, na mwalimu anaendelea kufundisha nne. Kwa nini? Kwa sababu hayupo wa kuichukua hiyo kozi. Katika mji mdogo huwezi kumpata mwalimu wa muda wa kufundisha mifumo endeshi kwa malipo ya muhula mmoja. Ongea na mkuu wa idara yake mapema, kabla hujaandika tarakimu yoyote, na umuulize kozi hiyo atapewa nani, kwa jina. Kama hakuna jina, tafuta mbadala. Niliwahi kuona mradi mmoja ambapo chuo kikubwa kilimtoa mwanafunzi wake wa uzamivu wa mwaka wa mwisho akafundishe kozi hiyo kwa muhula mzima, analipwa vizuri, na akaongezeka uzoefu aliokuja kuutumia kutafuta kazi. Mshahara wa kiangazi nao ni mzuri, ila kumbuka kwamba kwa kawaida NSF hailipi zaidi ya miezi miwili ya mshahara wa mtafiti kwa mwaka, kwa ruzuku zake zote zikijumlishwa.

Baada ya saa ni mkoba, yaani nani anashika fedha. Zipo njia mbili. Ya kwanza, chuo chako kinapokea ruzuku yote halafu kinawapa wao ruzuku ndogo kwa mkataba. Ya pili, kila chuo kinapeleka andiko lake chini ya mradi mmoja, yakiunganishwa, na NSF inamlipa kila mmoja moja kwa moja. Ofisi yako ya ruzuku itapenda ya kwanza, kwa sababu wameizoea. Mimi napendelea ya pili kila inapowezekana. Mwalimu wa kule anakuwa mtafiti mkuu kwa jina lake, ruzuku inaingia kwenye rekodi ya chuo chake, na siku akienda kuomba kupandishwa cheo ana cha kuonyesha. Na ninyi mkigombana, mwakani yeye bado ana fedha yake.

Ikibidi iwe ruzuku ndogo, soma mkataba mwenyewe, usiwaachie mawakili. Mikataba hiyo kwa kawaida inataka chuo kidogo kitumie kwanza fedha yake, kisha kilete ankara kirudishiwe. Kwa chuo kikubwa hilo ni jambo la kawaida. Kwa chuo kisicho na akiba, kumlipa mwanafunzi Juni na kurudishiwa Oktoba ni kukopa. Omba walipwe mapema, hata robo ya mwaka mmoja mbele. Utaambiwa haiwezekani. Uliza mara ya pili, na safari hii mpelekee mtu wa ngazi ya juu kidogo. Vilevile angalia gharama za uendeshaji. Chuo chako huenda kinatoza zaidi ya asilimia 50 juu ya fedha za utafiti. Chuo ambacho hakijawahi kujadiliana kiwango na serikali kinaruhusiwa kutoza hadi asilimia 15 tu, kwa kanuni zilizoanza Oktoba 2024, na kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Kisha, kwa kanuni hizohizo, chuo chako kinaweza kutoza gharama zake juu ya dola 50,000 za mwanzo za ile ruzuku ndogo unayowapa. Ukijumlisha, mwenye ofisi kubwa anapata zaidi kwa kuendesha ofisi, na mwenye mtu mmoja anayehudumia ruzuku za chuo kizima anapata kidogo. Hilo hukulianzisha wewe, lakini ukikaa na mwenzako mkiangalia bajeti, lifungue wewe mwenyewe asije akaligundua peke yake.

Nije kwenye utafiti wenyewe, maana mada yako imenigusa.

Mwaka 2020 watafiti walipima programu tano za kampuni kubwa za kutambua sauti. Kwa wazungu, programu zilikosea takriban maneno 19 katika kila 100, na kwa Wamarekani Weusi maneno 35. Sasa wewe ukienda kwenye chuo cha Weusi na mashine yako ya kutambua sauti, fikiria unachoomba. Mashirika mengi yatakapoliona pengo hilo yatasema, "Tupeni sauti zenu." Kuna waliolishughulikia kwa namna nyingine: Howard pamoja na Google walikusanya saa 600 za sauti za Wamarekani Weusi kutoka majimbo mengi, na hazina hiyo ni mali ya Howard. Ni Howard wanaoamua nani atumie, na walianza na vyuo vya Weusi wenzao. Mfano huo uingize kichwani kabla hujaenda. Sauti za wanafunzi wa kule zikiishia kwenye seva ya kwako, na makala ikatoka kwa jina lako likitangulia, hata uwe umewalipa kila senti, hapo hapakuwa na ushirika. Mlinunua bidhaa.

Kwa vyuo vya makabila hili ni zito zaidi. Wahavasupai wa Arizona walitoa damu yao miaka ya 1990 kwa utafiti wa kisukari. Damu ileile ikaja kutumika kuchunguza magonjwa ya akili na asili ya kabila lao, mambo ambayo wanasema hawakuyaridhia. Chuo kikuu cha jimbo la Arizona kilimaliza shauri mwaka 2010 kwa kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Wanavajo walishasimamisha utafiti wa jeni katika ardhi yao tangu 2002, na wana bodi yao wenyewe ya kupitisha utafiti unaohusu watu. Lugha kwao iko karibu na damu. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako hakitoshi kurekodi wazee wao, na ombi la bodi yao halisomwi kwa ratiba ya NSF. Na wewe msemaji wa Kiswahili, ambaye umeona maandishi na sauti za nyumbani zikizolewa mtandaoni bila mtu kuulizwa, sidhani kama nina haja ya kukueleza kwa nini.

Kwa hiyo usiende na swali lako. Nenda usikilize ya kwao. Inawezekana mwalimu wa pale hana hamu kabisa na kutambua sauti. Huenda anachotaka kujua ni kwa nini wanafunzi wake wanaanguka kozi ya pili ya programu, au ana kazi ya usalama wa mitandao aliyoianza miaka mitano iliyopita ikamshinda kwa kukosa muda. Ukikuta hivyo, una mawili: ubadilishe mada, au ushukuru uondoke. Kumvuta mtu kwenye mada yako kwa sababu una fedha ni namna ya kumwajiri, na kama ni kuajiri basi liitwe hivyo.

Wanafunzi sasa. Mazoea ni kuwachukua wanafunzi wao bora wiki kumi za kiangazi, kuwaleta maabara kwako, kisha kuwashawishi waje kwako kwa uzamivu. Kwa mwanafunzi ni nafasi nzuri, siwezi kuikataa. Lakini mwalimu wake amebaki na nini? Amemkosa kijana aliyekuwa anamsaidia, na maabara yake iko tupu. El Paso walifikiria vizuri zaidi. Tangu miaka ya 1990, Ann Gates na wenzake walijenga utaratibu wa vikundi vya utafiti ambamo wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaingizwa hata kama alama zao si za juu, wanafundishwa waziwazi namna ya kusoma makala, kuwasilisha na kupingana bila kugombana, na kazi inaendelea mwaka mzima palepale chuoni. Utaratibu huo ulikuja kuenezwa na muungano wa vyuo vya Walatino katika kompyuta, CAHSI. Ninachokuomba, angalau nusu ya fedha za wanafunzi zibaki kule, kwa wanafunzi wanaofanya kazi kule wakati wa muhula. Na usidhani wa shahada ya kwanza hawawezi: mabinti wa Spelman, chuo cha wanawake Weusi kule Atlanta, waliipeleka timu yao ya roboti kwenye mashindano ya RoboCup ya Osaka mwaka 2005.

Lipo jambo moja linalowaumbua wengi. Programu ya NSF ya kuwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti, inayojulikana kwa kifupi kama REU, inawalipa raia na wakazi wa kudumu tu. Vyuo vya Weusi vina wanafunzi wengi wa Kinijeria, Wakenya, Waghana. Mwalimu atakuletea kijana wake hodari kuliko wote, na utamwambia hawezi kulipwa. Weka fungu lingine mapema.

Mashine ni rahisi, usizipoteze muda. Mradi wa ACCESS hutoa muda wa kompyuta kubwa bure kwa watafiti wa vyuo vya Marekani, na kuanza kunahitaji maelezo mafupi tu. Mfungulie mwenzako akaunti kwa jina lake, asipite kwako.

Kuhusu siasa: mwaka 2025 NSF ilikatisha ruzuku nyingi, na zile zilizohusu kuongeza ushiriki wa jamii za wachache ndizo zilizoumia zaidi. Fedha za wizara ya elimu kwa vyuo vya Walatino nazo zikaguswa. Mkuu wako wa idara ananukuu upepo wa juzi. Mimi naona hili limerahisisha jambo moja: anayetafuta mshirika leo kwa sababu ya alama za wakaguzi atakata tamaa mapema, na atakayebaki ni mwenye kazi ya kweli. Andika sababu ya kisayansi ya kuwahitaji. Kama hakuna, usiandike.

Na hili nakuambia kama ndugu. Usidhani rangi itakufungulia mlango. Tuna historia pale, ni kweli. Azikiwe na Nkrumah walisoma Lincoln, chuo cha Weusi cha Pennsylvania, na baadhi ya vijana aliowasafirisha Tom Mboya kwa ndege kuanzia 1959 walipokelewa na vyuo vya Weusi. Lakini utakutana pia na Wamarekani Weusi waliochoka kuona chuo walichojenga babu zao kikijaa maprofesa wa kutoka nje ambao hawajui hata kwa nini kilijengwa. Wana hoja. Mimi mwaka wa kwanza niliitwa "mgeni wetu" hadi Desemba, na nilistahili. Kabla hujaenda, soma historia ya chuo hicho: nani alikianzisha, kilianza na darasa la nini, kilichomwa moto lini kama kilichomwa. Wengi kule wanaijua kwa moyo, hata mlinzi wa getini.

Basi, wiki saba zako. Maliza andiko lako. Wiki moja kati ya hizo mwandikie mwalimu mmoja, ambaye umesoma makala yake hadi mwisho, barua ya aya mbili, isiyo na kiambatisho. Mwambie umesoma nini na swali gani lilikujia. Omba kuja kuwasikiliza wanafunzi wake wakiwasilisha miradi ya mwisho wa muhula, ukae nyuma, na gharama za safari ni zako. Akikubali, nenda, na usitaje ruzuku siku hiyo isipokuwa akiitaja yeye. Mkishakaa kula, muulize muhula ujao ana kozi ngapi. Akisema nne, muulize kama angepewa nafasi ya kuacha moja angeacha ipi, na hiyo nafasi angeifanyia nini. Jibu lake liandike, kisha uniandikie tena.